Siku Mama Mkwe Aliponizuia Mbioni

Akina mama wenzangu wa hapa Akheri, na wageni wetu mliotoka mjini na viatu vinavyong'aa kuliko taa za gari, nawasalimu kwa jina la Bwana wetu. Akina baba watatu mliokaa karibu na masufuria ya pilau, nanyi nawasalimu. Najua mmekuja kwa ajili ya ushuhuda tu. Mchungaji ameniomba nitumie dakika chache, na kwa kuwa dakika chache za mchungaji sote tunazifahamu, naomba mkae vizuri.

Katika kikundi chetu tumekubaliana kwamba anayeshuhudia hataji jina la mtu. Mimi nafuata sheria. Kwa hiyo nikisema "mama mkwe," naomba watu wasigeuke kumtazama bibi mwenye kilemba cha kijani aliyekaa kiti cha mbele. Ndugu zangu, nimesema msigeuke! Haya, mmeshamwona. Tuendelee.

Mimi ni mtoto wa Kichaga, kwetu Marangu. Niliolewa na kijana wa Kimeru wa boma la huku juu. Tulipanga chumba Kaloleni, kule mjini, tukawa tunauza nguo za mtumba si mbali na uwanja wa mpira. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka. Mteja anajaribu suruali haipandi, yeye anamwambia suruali ni nzima, tatizo ni chapati. Na mteja ananunua! Mtoto hatukujaliwa, lakini nyumba yetu haikuwa na huzuni.

Basi, asubuhi moja alipanda huku Akheri kumsalimia mama yake. Akamwamkia, akanywa uji, akarudi mjini. Jioni ya siku hiyo hiyo moyo wake ulisimama akiwa anakunja nguo pale kwenye meza yetu ya biashara. Hakuugua, hakuniaga. Tukamzika hapa nyumbani kwao, kule mgombani, karibu na baba yake.

Matanga yalipoisha, wifi yangu alisema nisirudi Kaloleni peke yangu, nikae kwanza bomani. Nikapewa chumba kinachotazamana na nyumba ya mama mkwe, katikati kuna uwanja na kuku. Ndugu zangu, nawaambia, nililala. Nililala kama mtu aliyeajiriwa kulala. Mchana nimelala, chakula kimekuja kimepoa, nywele zimefungamana mpaka kitana kinaogopa. Watu wakisema "pole" najifunika blanketi usoni. Leo naweza kucheka, siku zile sikuona sababu ya kutoa hata mguu nje.

Kazi moja tu niliifanya. Kila asubuhi nilivuka ule uwanja kwenda kumwamkia mama mkwe. Hiyo hata kama unaumwa, kwetu na kwao haikwepeki. Nafika mlangoni, yeye anachambua maharage. "Shikamoo mama." Kimya. Nasubiri. Kuku wananitazama, mimi nawatazama kuku. "Shikamoo mama." Maharage yanadondoka kwenye ungo, tak, tak. Siku moja beberu wa jirani alilia kwa nguvu, nikaona angalau kuna mtu ameitika, nikarudi kulala.

Wengine wote alikuwa akiwaitikia. Muuza maziwa akiamkia, marahaba. Watoto wa shule wakipita njiani na kuamkia wakiwa wanakimbia, marahaba, marahaba, marahaba. Mimi tu ndiye sikuitikiwa. Na nilikuwa nimesikia maneno ya msibani. Kuna shangazi mmoja alisema kijana wao ameuawa na chipsi za Kaloleni. Chipsi! Mimi niliyekuwa nampikia mume wangu mboga za mnafu mpaka anauliza kama nimemgeuza sungura. Nikajua tu, mama mkwe naye anasema hivyo hivyo moyoni. Ananiona mimi ndiye niliyemmalizia mwanawe. Na mjane asiye na mtoto, kwenye boma la watu, asiyeitikiwa hata salamu, anajiuliza yeye ni nani hapo.

Nikaamua kuondoka. Nirudi kwetu Marangu moja kwa moja, nisionekane tena huku Umeruni. Lakini kuaga niliona siwezi. Utamwagaje mtu asiyekuitikia?

Sasa hapo ndipo zinapoingia hizi mbio zetu. Wageni mnaotoka Olasiti na kwingineko niwaeleze kidogo, msije mkadhani zilianza na fulana na spika. Zamani akina mama wa huku walikuwa wakishuka soko la Tengeru na mikungu ya ndizi kichwani. Atakayefika wa kwanza anakaa kivulini, wa mwisho anaungua na jua siku nzima. Basi kila siku ya soko ilikuwa ni mbio, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni. Hatimaye akina mama wa kanisani wakasema, kama ni kukimbia, hebu tukimbie siku moja kwa mwaka bila mzigo, tuone nani ni nani. Tunaziita marathoni. Vijana wametuambia marathoni ya kweli ni ndefu zaidi. Waje wazikimbie kwenye tope la huku, watatuambia vizuri.

Mwanzoni zawadi ya mshindi ilikuwa mkungu wa ndizi. Ikaonekana kuna tatizo. Mbio zinaanzia hapa kanisani juu, zinaishia kule chini kwenye uwanja wa shule, karibu na barabara kuu. Kwa hiyo ukishinda, unabebeshwa mkungu na kilima chote kinakusubiri. Akina mama wakawa wakiukaribia utepe wanasimama kufunga kanga. Kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Ndiyo maana siku hizi mshindi anapewa mbuzi, maana mbuzi anapanda kwa miguu yake.

Na kuna ile sheria yetu. Mwaka mmoja bibi harusi mgeni alimpita shangazi wa mumewe kwenye kona, bila salamu, vumbi likamwingia shangazi mdomoni. Alishinda kweli. Jioni kikaitwa kikao, akatozwa sufuria kubwa ya loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, alishe wakimbiaji wote. Tangu hapo ikawa hivi: ukitaka kumpita mwanamke aliyekuzidi umri, unapunguza mwendo, unamwamkia, unasubiri aitikie, ndipo unapita.

Wazee wetu nao si wa mchezo. Wamegundua kwamba mdomo unakimbia kuliko miguu. Unafika nyuma ya bibi, pumzi huna, unasema shikamoo. Anakujibu, "Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo? Yule ng'ombe wenu alishazaa? Dume au jike?" Na wewe lazima ujibu, tena kwa adabu. Dada mmoja wa mjini alikuja na saa inayohesabu mapigo ya moyo, akakuta kundi la mabibi limeziba barabara, akapiga kelele, "Shikamooni nyote!" akapita pembeni. Alirudishwa kilimani akaamkie mmoja mmoja. Saa ile ilikuwa inalia kama mtoto.

Sasa mimi nilikuwa nimezipigia hesabu mbio hizi. Zinashuka mpaka karibu na barabara kuu. Pale barabarani zinasimama kosta, yale mabasi madogo ya Moshi, njia ya kwetu Marangu. Siku hiyo boma zima litakuwa mbioni, hakuna wa kuniuliza naenda wapi. Wifi alipokuja kunivuta blanketi na kuniambia ameniandikisha, alijiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia sawa, nitakimbia. Akanigusa paji la uso aone kama nina homa.

Siku moja kabla ya mbio, nikajikaza nikashuka na mfuko wangu wa nguo, nikauacha kwenye duka lililo karibu na ule uwanja wa shule, nikamwambia mwenye duka nitaupitia. Siku yenyewe nikavaa gauni la safari, nikalichomeka ndani ya suruali ya mazoezi ya wifi, maana mtu hawezi kuingia kwao Marangu amevaa suruali yenye mistari ya pinki. Nilionekana nimenenepa kwa usiku mmoja. Nauli nimeifunga kwenye pindo la kanga kiunoni. Kilichobaki ni kushuka tu.

Tumejipanga hapo nje, ukungu umefunika mlima, baridi ile ya huku juu mnaijua. Mara nasikia makofi na vigelegele. Nageuka, namwona mama mkwe. Ameacha kukimbia miaka mingi, goti lake limevimba tangu masika, na sasa amevaa buti za mvua, sweta la marehemu baba mkwe, na ameshika fimbo. Akapita katikati ya wasichana wenye viatu vya mbio, akaenda kusimama mbele kabisa. Hakunitazama.

Filimbi ikalia. Njia inayotoka hapa mnaijua ilivyo nyembamba, upande huu ua wa kahawa, upande ule mfereji. Mama mkwe akashika katikati, anachechemea na fimbo yake. Akina mama wakawa wanamfikia, wanaamkia, wanaitikiwa, wanapita. Marahaba, pita. Marahaba, pita. Alikuwa anagawa marahaba kama karanga za harusini. Ikafika zamu yangu.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Shikamoo mama!"

Buti tu ndizo zinazosikika, pwata, pwata.

Wifi yangu akatufikia, akaamkia, akaitikiwa. Akanitazama. "Wifi, mbona hupiti?"

"Hajaitikia."

"Mwamkie tena."

"Nimemwamkia mpaka sauti imekauka."

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Basi pole," akasema, na akatimua mbio. Ndugu wa mume hao.

Mtaniuliza, si ungempita tu? Unaondoka zako, loshoro utatozwa na nani? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Nikasogea kushoto. Fimbo ikasogea kushoto. Nikasogea kulia, bibi naye kulia. Halafu kulikuwa na mahali njia inapanuka, pale penye mti wa parachichi, ningeweza kabisa kumpita. Mguu ukagoma. Ndugu zangu, malezi ni kitu kibaya! Nimeshaamua kumkimbia mama huyu maisha yangu yote, lakini kumpita bila kuitikiwa nashindwa.

Wote wakatupita. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anafuata wa mwisho na sanduku la dawa akachoka kutambaa nyuma yetu. Akaamkia, akaitikiwa, akapita. Mwanamke mmoja aliyekuwa hata hayumo mbioni, anapeleka majani ya ng'ombe, akaamkia, akaitikiwa, akapita na majani yake kichwani. Tukabaki wawili, mimi na mkwe wangu na ukungu. Na huko chini, kosta zinapita bila mimi.

Tulipofika kwenye daraja dogo, akasimama. Akakaa kwenye ukingo, akavua buti moja, akamwaga kijiwe kimoja kidogo, akaivaa tena polepole. Nami nimesimama nyuma yake kama askari. Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Mfuko wako uko dukani kule chini."

"Mfuko gani, mama?"

"Wenye maua. Jana nimeenda kununua chumvi nikauona. Mfuko huo niliununua mimi, mlipooana."

Nikaanza kumwambia kwamba najua ananilaumu, kwamba sikumlisha chipsi, kwamba nilikuwa nampikia mnafu. Akageuka akanikatiza.

"Chipsi gani? Unasema nini wewe?"

"Mama, huniitikii. Tangu tumzike hujaniitikia hata siku moja."

Akaishika ile fimbo kwa mikono miwili. Akasema, "Mwanangu alikuja asubuhi akaniamkia. Nikamwitikia. Akanywa uji, akaondoka, nikaletewa maiti. Sasa kila asubuhi na wewe unakuja unasimama palepale aliposimama yeye. Unaniamkia kwa sauti ya mtu anayeaga. Nikikuitikia, utaondoka. Na wewe ukiondoka, mimi nitabaki na nani wa kumkumbuka naye?"

Ndugu zangu. Tangu msiba nilikuwa sijalia. Msibani watu walisema nimekuwa jiwe. Pale darajani nililia mpaka ndege wakahama. Mama naye akalia, na kilemba kikamwangukia machoni, tukawa wawili tumekaa ukingoni, mmoja gauni linamtoka kwenye suruali, mwingine na buti za mvua. Yule kijana wa bodaboda akarudi kututafuta. Akauliza, "Mama, mmeumia?"

Mama mkwe akamjibu, "Ndiyo. Nenda zako."

Tukashuka polepole, ameniegemea begani. Njiani akaniuliza huyo aliyesema habari za chipsi ni nani. Sikumtaja. Akamtaja yeye mwenyewe, na akaongeza mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya mchungaji.

Tulipofika uwanjani mbuzi alikuwa ameshatolewa na utepe umekunjwa. Wifi alitupigia vigelegele peke yake, mdomo umejaa pilau. Mama hakusimama. Alipita akaenda moja kwa moja dukani, akaniletea mfuko wangu wenye maua, akanisindikiza nao mpaka kando ya barabara. Kosta ya Moshi ikaja ikasimama mbele yetu. Konda anaita, "Moshi! Moshi! Himo!"

Mama akajinyoosha, akaweka fimbo pembeni.

"Niamkie," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Na akasogea. Alisogea kweli, akaniachia njia. Konda akaniuliza, "Dada, unapanda au hupandi?" Nikatazama mlango ule ulio wazi. Nikatazama goti la mama lililovimba, na kilima chote anachotakiwa kukipanda. Nikamwambia konda, nauli ninayo, safari ndiyo sina. Akanitukana kidogo, akagonga bati, wakaondoka. Nikaweka mfuko kichwani, tukapanda. Mama alilalamika njia nzima kwamba natembea haraka.

Msidhani siku iliyofuata niliamka nikiimba. Zilikuwepo asubuhi nyingi za kurudi kwenye blanketi. Nesi wa zahanati alinikalisha akanieleza kwamba huzuni ikizidi nayo ni ugonjwa, si uvivu, na ugonjwa unatibiwa, na nikatibiwa. Namshukuru sana. Namshukuru wifi, aliyenikimbia mbioni lakini hakunikimbia nyumbani, aliyeninyoa nywele zilizoshindikana na kunisukuma mpaka nikafungua tena meza ya nguo, safari hii hapo Tengeru. Nawashukuru wanakikundi, mlioniacha nikae hapa wiki nyingi bila kusema neno, mkawa mnanipitishia tu kikombe cha chai. Na mchungaji, kwa sala zako, ambazo kweli zilikuwa ndefu, lakini nilikuwa nazihitaji zote.

Mama, wewe sijui nikushukuruje, na sheria inanikataza kukutaja.

Ninachotaka kuwaachia ni hiki. Mimi niliona kimya cha mtu nikakijaza maneno yangu mwenyewe. Nikasema ni chuki. Nilikuwa naishi na mtu anayeniogopea, uwanja mmoja, kuku wale wale, na kila mmoja alikuwa anamlilia mtu yuleyule upande wake. Kama kwako yupo mtu asiyekuitikia, kabla hujafunga mfuko, kaa naye. Muulize. Anaweza kukujibu vibaya, nakubali. Lakini muulize yeye, usiulize msibani.

Kesho ni mbio tena. Nimekimbia kila mwaka tangu wakati ule, na kila mwaka mama amekuwa mbele yangu, na kila mwaka tumekuwa wa mwisho. Mwaka huu daktari amemkataza kwa sababu ya goti. Amekasirika, na tangu juzi hajala vizuri, na sote pale bomani tunajua kwamba si goti linalomnyima chakula. Kesho nitashuka mpaka barabarani peke yangu.

Mama, nisikilize mbele ya watu hawa wote. Nikifika pale uwanjani, kosta zitakuwepo, na makonda watakuwa wanaita. Nitakunywa maji, nitawasalimu watu, halafu nitapanda kilima. Kabla jua halijazama kule mgombani utakuwa umeniona. Leo kula, mama. Nitarudi.